Breki Inatazama Wapi

Jumatatu, 4 Februari
Asubuhi: mawingu mazito, upepo wa kukata masikio, mvua bado haijaamua.

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba karakana bado inafunguliwa kabla majirani hawajapiga mswaki. Sisi huku hatujambo. Mume wangu alirudi juzi na lori lake, akalala siku nzima, akaamka anadai chakula kama mtu aliyetoka vitani. Baba alinipigia simu wiki iliyopita kulalamika kwamba hupokei zake. Nikamwambia masikio yako na simu havijawahi kupatana, na anayetaka kusema na wewe aandike. Akasema hana muda wa kalamu.

Sasa habari yenyewe. Nimehamishwa. Miaka sita nimesoma mita za maji katika mitaa ya kati, kwa miguu, nyumba zimebanana kiasi kwamba unasoma mita ya huyu huku unanusa mboga ya yule. Kuanzia mwezi huu nimepewa ukanda wa juu: mita mia tatu na kumi na mbili, barabara ya vumbi, nyumba zimeachana kama watu waliogombana. Hakuna aliyeutaka. Mimi niliutaka. Msimamizi akaniuliza, "Utafikaje huko, mama?" Nikamjibu, "Kwa baiskeli." Wenzangu wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mume wangu akaninunulia mpya, imekuja ndani ya boksi. Niliposema niipeleke kwa fundi aifunge, alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. "Mimi nashusha gia boksi ya lori kando ya barabara, juani," akasema, "leo baiskeli ndiyo initoe jasho?" Dakika arobaini baadaye ilikuwa imesimama sebuleni. Nilipiga kengele, akajipigia makofi.

Naomba ushauri, maana miaka kumi na moja sijapanda. Kwanza, kiti kiwe juu kiasi gani? Pili, mnyororo unatiwa mafuta kila baada ya muda gani? Tatu, tuna vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Nikiiegemeza ukutani inaacha alama nyeusi, na mume wangu ameshajikwaa mara mbili akienda kuoga. Nne, na hili ni dogo, inatetemeka mbele. Nikiachia mkono mmoja tu nipige kengele, inataka kunigeuka. Labda ni mimi.

Barua hii nimeinakili kwenye daftari langu la kila siku, kama kawaida yangu. Usicheke.

Binti wa kaka yako,
Kengele


Jumanne, 19 Februari

Kengele,

Marahaba. Nimecheka. Umeniandikia hali ya hewa kama redio. Huku jua lipo, limekaa mahali pake, sina la kuongeza.

Mama yako hajambo, anakusalimu. Baba yako alikuja. Alikaa kwenye stuli ya wateja akatazama mikono yangu kwa muda mrefu, kisha akasema mwanamke wa miaka sitini na saba hapaswi kunuka grisi. Ana chumba nyuma ya nyumba yake, amekipaka rangi, anataka nifunge karakana nikakae humo. Nikamwambia rangi ikikauka amlaze mbuzi wake. Akanuna, akaondoka bila kuaga, halafu akarudi kuchukua kofia.

Haya, maswali yako. Kiti: kaa, weka kisigino, si vidole, kwenye pedali iliyoko chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kiuno kuhama, hapo hapo, funga. Watakuambia kiko juu mno. Wao wanapanda kwa magoti.

Mnyororo: kila wiki, na kwenye vumbi kama lako kila siku nne. Tone moja kila pingili, upande wa ndani, zungusha pedali kinyumenyume, halafu futa na kitambaa mpaka nje pakauke. Mafuta ya nje hayasaidii kitu, kazi yake ni kuokota mchanga. Tena usiniletee habari ya mafuta ya kupikia. Nimeshamfukuza mtu hapa kwa hilo.

Mizigo ifunge chini, pande zote mbili za karia, si juu. Upepo wa tairi upime kwa dole gumba kabla hujavaa viatu, ili ukikuta limelegea usijidanganye kwamba umechelewa.

Nyumbani: tandika boksi lile lile ilimokujia, chini na ukutani, upande wa mnyororo uelekee ukuta, usukani ukunjwe kidogo. Mume wako akijikwaa tena, mwambie lori lake nalo limeziba uchochoro mzima na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa hilo uliloliita dogo. Kwa nini uandike "labda ni mimi"? Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unapiga kengele ya kila baiskeli iliyoingia humu mpaka wateja wakakupa jina, na siku moja uliushuka mteremko wa shule umeachia mikono yote miwili. Nilikuchapa, lakini niliona. Mtu aliyeushuka ule mteremko hasahau.

Nijibu swali moja, tena kwa kupima, si kwa kukisia. Ukikata kona na pedali ya upande huo iko mbele, ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele? Na swali la pili, ambalo umelizunguka kurasa mbili nzima: umeshaanguka?

Shangazi yako


Jumatano, 6 Machi
Asubuhi: ukungu hadi saa tatu, kisha jua kali ghafla.

Shangazi,

Shikamoo. Wote hatujambo, isipokuwa kifundo cha mkono wangu wa kushoto, na nakuja huko.

Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Sikuandika kwa sababu niliona nikishaliandika litakuwa limekwisha kutokea. Ya tatu ni Jumanne ya tarehe 26, kwenye kona ya kinu cha kusaga unga, mbele ya foleni nzima ya watu. Nilikata kona polepole kabisa, sikuwa na haraka yoyote. Kiatu kikagota kwenye tairi, usukani ukajipinda, nikajikuta nimekaa chini na baiskeli imenilalia mapajani kama mtoto mkubwa. Kifundo kimeteguka, hakijavunjika. Daftari la usomaji liliingia mtaroni. Mita arobaini na moja zikafutika, nikarudi kuzisoma upya kwa miguu, mkono umefungwa bandeji. Mzee mmoja wa kinuni akaniambia, "Pole mama, hivi vitu vinataka uzoefu." Nilitamani kumwonyesha mteremko wa shule.

Msimamizi amenipa hadi tarehe 31. Nisipomaliza mita zote mia tatu na kumi na mbili kufikia siku hiyo, Aprili nakaa dirishani kupokea malalamiko, na ukanda unapewa mtu mwenye pikipiki. Unajua mimi na kukaa.

Mume wangu ameining'iniza baiskeli kwenye boriti ya stoo kwa kamba ya lori, kwa fundo lake la kufungia mizigo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Umesahau kuendesha, mke wangu, si aibu. Sikuinunua ili inizikie mke." Kisha akaenda kulala, na mimi nikabaki naitazama inavyozunguka taratibu hewani.

Swali lako: ndiyo, inagusa. Niliishusha kidogo nikapima kwa viatu vya kazi, kwa ndala na kwa miguu mitupu. Viatu vya kazi vinaingia ndani ya tairi kwa upana wa vidole viwili. Hata miguu mitupu inafika.

Shangazi, nijibu kama fundi, si kama shangazi. Nimesahau?

Kengele


Alhamisi, 14 Machi

Kengele,

Salamu baadaye. Usamehe mwandiko, kalamu imekuwa kaidi wiki hii.

Hujasahau chochote. Foki yako imefungwa nyuma mbele.

Foki ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Itazame ukiwa ubavuni: ncha zake za chini zimepinda kidogo, na zinatakiwa kupinda kwenda mbele, mbali na miguu yako. Baiskeli ikiwekwa kwenye boksi, kiwandani huigeuza foki ielekee nyuma ili ichukue nafasi ndogo. Anayeifungua anatakiwa kuirudisha kwanza, ndipo afunge usukani. Mwenye haraka anafunga usukani juu yake jinsi ilivyo. Inasimama, inang'aa, inapigiwa makofi. Halafu inamwangusha mtu, na mtu anaambiwa amesahau.

Uhakika ni huu: breki ya mbele inatazama wapi? Kama iko mbele ya foki, inatazama barabara, nimekosea na unichape. Kama imejificha nyuma, inatazama miguu yako, basi ndivyo.

Kurekebisha. Simama mbele yake, bana gurudumu kwa magoti. Legeza bolti ya juu ya shingo ya usukani, mizunguko mitatu, usiitoe. Weka kipande cha ubao juu ya bolti, gonga kwa nyundo mara moja hadi uhisi imeshuka. Fungua waya wa breki ya mbele. Shika usukani usiende popote, geuza gurudumu nusu duara mpaka breki iwe mbele. Nyoosha, kaza, rudisha waya. Bana tena gurudumu kwa magoti ujaribu kuupinda usukani kwa nguvu zako zote. Ukipinda, kaza zaidi. Kisha shika breki ya mbele na sukuma. Gurudumu la nyuma likitaka kunyanyuka, imeshika. Hapo panda.

Usiifungue mume wako akiwa safarini. Ifungue akiwepo, mchana, mlango wazi. Na usimwambie amekosea. Muulize tu breki inatazama wapi.

Najua kosa hili kwa sababu nililifanya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baiskeli yangu ya kwanza kuifunga peke yangu, na niliyempa aijaribu alikuwa baba yako. Lile kovu la kidevuni analosema lilitokana na ukuta wa shule halikutokana na ukuta wowote. Hatujawahi kulizungumza. Yeye hakusema kwa sababu angenidhalilisha, na mimi sikusema kwa sababu hakusema. Ila tangu siku hiyo kila akiniona na spana anashika kidevu. Usimwambie nimekuambia.

Mkono wako uukande kwa maji ya uvuguvugu.

Shangazi


Jumapili, 31 Machi
Asubuhi: safi, baridi kidogo, mbingu imepanguswa.

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo mara mbili.

Mume wangu alirudi Ijumaa ya tarehe 15, na barua yako ilinifikia Jumamosi asubuhi. Nilisimama juu ya sanduku lake la vifaa nikahangaika na lile fundo. Akatokea mlangoni na kikombe.

"Unafanya nini?"

"Naishusha."

"Mke wangu, tulishaongea."

"Wewe uliongea. Nishikie hapa."

Akaishika, kwa sababu vinginevyo ingemwangukia. Tukaisimamisha uani, mlango wazi. Nikamuuliza, "Breki ya mbele inatazama wapi?"

"Breki haina macho."

"Kaangalie ya muuza maziwa, imeegemea hapo nje."

Akatoka. Akarudi, akaitazama ya kwetu. Akatoka tena. Mara ya tatu alikaa huko nje muda mrefu hadi muuza maziwa akamuuliza kama anataka kuinunua. Aliporudi alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, hata siku lori lilipokwama mtoni.

"Maelekezo ya boksi hayakusema," akaanza.

"Maelekezo uliyafanyia nini?"

Akakuna shingo. "Niliwashia jiko."

Shangazi, sikucheka. Nilitaka, lakini nilikumbuka ulivyosema. Akanyoosha mkono achukue spana. Nikamwambia hapana, wewe bana gurudumu, mimi nafungua. Nilifuata barua yako mstari kwa mstari, imelala chini na jiwe juu yake ili upepo usiichukue. Mizunguko mitatu, ubao, nyundo moja. Ilipogeuka, yeye ndiye aliyevuta pumzi. Kisha akaniambia, taratibu, "Umeanguka mara tatu kwa mkono wangu." Nikamjibu ndiyo. Sikumpunguzia. Lakini nilimwachia akaze bolti ya mwisho.

Nilipanda. Imetulia kama imeoga. Nilifika kwenye kona ya kinu nikaikata huku napiga kengele kwa mkono mmoja, nikarudi nikaikata tena, nikarudi. Yule mzee wa uzoefu alikuwepo. Nikamsalimia mara zote tatu.

Ijumaa, tarehe 29, nilimwekea msimamizi daftari mezani: mita mia tatu na kumi na mbili, pamoja na saba ambazo hazikuwepo kwenye orodha yake. Akasema, "Basi dirishani nitamweka nani?" Nikamwambia amweke yule aliyemwaga chai.

Hayo ndiyo yangu. Sasa wewe. Mwandiko wako wa tarehe 14 umelala kushoto, na herufi zako hazijawahi kulala popote tangu nikujue. Hiyo kalamu ina nini?

Kengele


Jumatano, 1 Mei
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, matone makubwa, ya kiburi.

Shangazi,

Shikamoo. Leo ni siku ya thelathini na moja tangu nikuandikie, bila jibu. Nimehesabu kwenye daftari. Tangu Februari hujawahi kupitisha siku kumi na tano.

Nimempigia Baba. Anasema, "Shangazi yako anapumzika." Nikamuuliza anapumzika nini. Akasema simu inakatika, na simu haikuwa inakatika. Mama alichukua simu, akaniuliza hali ya hewa. Mama hajawahi kuniuliza hali ya hewa.

Mimi nilikuficha kuanguka mara mbili, na ulinibana mpaka nikasema. Sasa nami nakubana. Hujambo?

Kengele


Ijumaa, 17 Mei

Kengele,

Kalamu haina kitu. Mkono wa kulia umegoma. Uligoma Jumapili, tarehe 10 Machi, nikiwa nafunga nati, spana ikaanguka na mimi nikawa naitazama tu. Daktari ana jina lake la ugonjwa. Mimi naliita mgomo. Mguu umerudi kazini, mdomo haukuwahi kuacha. Mkono bado unajadiliana.

Kwa hiyo ndiyo, barua ya foki niliiandika kwa kushoto. Siku mbili nzima. Aprili nilijaribu kukuandikia mara tatu nikachana, kwa sababu kila nikiandika ilitoka kama nalia, na mimi sikuwa nalia.

Baba yako sasa ameona amepata hoja. Jumamosi, tarehe 8 Juni, anakuja na pikapu ya kukodi abebe vifaa vyangu, stuli zangu na mimi mwenyewe. Anasema fundi bila mkono ni nini. Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa bado namtafutia jibu.

Usije. Nakujua. Sitaki kusindikizwa, sitaki kuletewa uji, na sitaki mtu anayezungumza kwa sauti ya hospitali ndani ya karakana yangu. Una kazi yako, uipate kwa taabu halafu uje kuniangalia mkono? Usije.

Nimalizie na ushauri wa baiskeli, maana sijakupa tangu Machi. Mtu anayesafiri mbali kwa baiskeli, sisemi wewe, nasema mtu, tuseme kilomita themanini na nne, huondoka saa kumi na nusu alfajiri amalize kazi kubwa kabla ya jua. Hunywa maji kabla ya kiu. Hubeba mpira mmoja wa akiba, viraka na pampu, basi. Kule kwenye mlima wa machimbo ya mawe hashindani nao, anashuka na kuisukuma kwa heshima zote, tena haoni haya. Na hula kidogo kidogo, asingoje njaa.

Msalimie dereva wako.

Shangazi


Daftarini. Jumamosi, 8 Juni
Alfajiri: nyota, kimya, umande kwenye kiti.

Likizo ya siku kumi na nne, imesainiwa na msimamizi mwenyewe. Mume wangu aliamka nami. Alitaka anipeleke kwa lori, nilikataa, hakurudia. Alizunguka baiskeli na tochi, akainama mbele, akaniuliza, "Breki inatazama wapi?" Nikamjibu, "Kwa Shangazi." Akacheka, akanifungulia geti. Niliondoka saa kumi na dakika thelathini na mbili.

Nilinywa kabla ya kiu. Pancha moja, kilomita ya hamsini na tatu, mwiba. Mlima wa machimbo niliusukuma kwa heshima zote. Nilifika saa saba na dakika kumi mchana.

Pikapu ilikuwa imeshaegeshwa, tupu bado. Baba alikuwa mlangoni amebeba boksi la spana. Shangazi amekaa kwenye stuli yake ya kazi, mkono wa kulia mapajani kama paka aliyelala, amekonda, nywele zimesukwa vizuri. Hakunisalimia. Alitazama kwanza foki, kisha breki, kisha ncha za viatu vyangu, ambazo hazina hata mkwaruzo.

"Umechelewa," akasema. "Shika breki ya mbele, usukume."

Nikasukuma. Gurudumu la nyuma likanyanyuka. Ndipo akanipa mkono wa kushoto nimwamkie.

Baba akaanza: "Vizuri umekuja, umweleze. Mimi hanisikii. Fundi bila mkono—"

"Weka boksi chini," Shangazi akasema. "Kengele, msomee tarehe 14 Machi."

Nilikuwa nayo mfukoni, ina alama ya jiwe. Nikasoma kuanzia "Hujasahau chochote" hadi "Hapo panda." Mistari ya kovu nilikuwa nimeikunja ndani. Lakini nilipotamka kwamba foki ilifungwa nyuma mbele, mkono wa Baba ulikwenda wenyewe kidevuni, ukakaa hapo.

"Tarehe 10 mkono uligoma," Shangazi akasema. "Tarehe 14 nilitengeneza baiskeli hiyo unayoiona, ikiwa kilomita themanini na nne kutoka hapa, sijawahi kuiona, sijaigusa. Amekuja juu yake. Sasa niambie, kaka yangu, ni ipi nitakayoshindwa ikiwa mbele ya pua yangu?"

"Nani atashika spana?"

"Mwenye baiskeli. Mimi nitashika maneno."

Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa ameshafika, anasukuma yake, pedali ya kushoto inacheza kama jino bovu. Shangazi akamwelekeza Baba kwa kidevu. "Anza na huyu. Spana ya kumi na tano, iko kwenye hilo boksi uliloiba."

"Sijaiba, nilikuwa napanga."

"Panga huku unafunga."

Baba alivua koti. Akapiga magoti. Akaanza kukaza, na Shangazi akaruka nusu kutoka kwenye stuli. "Kinyume! Pedali ya kushoto hukazwa kinyume, kuelekea mbele! Nimekuambia tangu hujaota ndevu!" Mwalimu akacheka. Baba akasema anajua, akageuza, na ikashika. Akaitingisha, ikatulia. Akiwa bado amekamata ile pedali, akauliza bila kumtazama mtu, "Na mnyororo? Huu si umelegea?"

"Tone moja kila pingili," Shangazi akasema. "Upande wa ndani."

Baiskeli nne hadi saa kumi na moja. Moja alifunga Baba, moja mimi, mbili wenyewe chini ya makelele. Pikapu iliondoka tupu. Baba akiwa dirishani, mikono myeusi hadi viwiko, Shangazi alimuuliza kile chumba kitakuwaje. Akasema atatafuta mbuzi wa kutosha.

Jumatatu nabandika kibao mlangoni, maneno ni yake: HAPA UNATENGENEZA MWENYEWE, FUNDI YUPO.

Mstari huu nimeuongeza Jumapili asubuhi, jua limekaa mahali pake: jana nililala saa moja na robo jioni, kwenye godoro kati ya magurudumu, viatu miguuni, Shangazi bado akinieleza kiti changu kimeshuka nusu inchi.